Daktari Kurt Huldschinsky, Aliyetibu Mifupa kwa Mwanga

Leo naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niwasimulie habari za mtu mmoja ambaye hakuwa mfalme, wala msafiri, wala shujaa wa vita. Alikuwa daktari wa watoto. Jina lake lilimshinda kulitamka kila mtu wa kwetu Buterere niliyemjaribu: Kurt Huldschinsky. Madaktari wa watoto wanamjua, na wako wengi wanaoifuata kazi yake bila kulijua jina lake.

Sababu ya kumchagua ni hii. Sisi tunakaa Buterere, kaskazini ya mji wa Bujumbura, mahali pa tambarare ambapo maji ya mvua hutuama na mbu huzaliana kama wanavyotaka. Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume wakati wa masika. Kwa kuogopa mbu na baridi ya mvua, mtoto alifungiwa chumbani, dirisha limefungwa, naye amezongwa nguo mpaka puani. Alipotimiza mwezi mmoja na mvua zilipopungua, bibi yetu akaanza kumtoa nje kila siku yapata saa tatu asubuhi. Alikaa juu ya kigoda, akamvua mtoto nguo, akamlaza mapajani pake juani kwa muda mfupi, kisha akamrudisha ndani. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anamlisha jua ili miguu yake iwe na nguvu. Mimi, mwanafunzi wa darasa la mwisho, niliyejifunza fizikia na biolojia, nilicheka, nikamwambia kwamba jua haliliwi. Bibi hakunijibu neno.

Haukupita muda mrefu, mwalimu wetu wa biolojia akafika katika somo la mifupa, akamtaja daktari huyu na taa yake. Nilikaa kimya kwa haya. Tangu siku ile nimekuwa nikizikusanya habari zake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kurt Huldschinsky alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Gleiwitz. Siku zile mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Leo ni wa nchi ya Poland na huitwa Gliwice. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma, yaani mji wa moshi. Nchi yenyewe iko kaskazini sana, na nusu ya mwaka jua lake ni hafifu. Watu wake walikuwa Wayahudi. Jambo hili nalitaja mapema, maana litatulazimu kulirudia. Alisoma udaktari, akachagua kuwatibu watoto, akafanya kazi Berlin, mji mkuu wa Ujerumani.

Ugonjwa aliokutana nao kila siku ni ule ambao sisi twauita matege. Lakini tusidhani kuwa ni miguu kupinda tu. Mifupa ya mtoto hukua ikiwa laini, kisha huwa migumu kwa sababu mwili huweka ndani yake kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika chokaa. Mtoto wa matege hapati kuyaweka. Kichwa chake hubaki na sehemu laini, viungo vya mikono huvimba, mbavu hufanya vifundo, mgongo hupinda, tumbo hutokeza. Akisimama, uzito wa mwili wake mwenyewe huikunja miguu kama upinde. Wengine hawasimami kabisa. Na kwa wasichana yako makubwa zaidi: mifupa ya nyonga ikipotoka utotoni, njia ya uzazi huwa nyembamba, na msichana yule, akisha kuwa mke wa mtu, aweza kufa yeye na mtoto wake siku ya kujifungua. Kabla ya madaktari kujua kupasua kwa usalama, wanawake wengi wa miji ya Ulaya walikufa hivyo kwa ugonjwa walioupata wakiwa na umri wa mwaka mmoja.

Waingereza waliuandika ugonjwa huu vitabuni tangu karne ya 17, Daniel Whistler mwaka 1645 na Francis Glisson mwaka 1650. Viwanda vilipoongezeka na watu kusongamana mijini, ukaenea kupita kiasi. Juu ya sababu yake kila mtu alikuwa na neno lake. Wengine walisema ni chakula, wengine hewa chafu, wengine wakasema ni damu ya ukoo, kama watu wetu wanavyosema hata leo, na mara nyingi mama ndiye hulaumiwa.

Walikuwapo wawili watatu walioona mbali. Mwaka 1822 daktari wa Kipolandi, Jędrzej Śniadecki, aliandika kwamba watoto wa Warsaw walipata matege na wale wa mashambani hawakuyapata, akashauri watoto watolewe juani. Mwaka 1890 Mwingereza Theobald Palm akaandika vilevile. Huyu Palm alikuwa daktari wa misheni huko Japani. Aliporudi kwao kaskazini ya Uingereza, alistaajabu kuona watoto wengi wenye miguu iliyopinda, ambao huko Japani hakuwaona. Akawaandikia barua wamisionari wenzake waliokuwa katika nchi mbalimbali, awaulize kama wanawaona watoto wa namna hiyo. Majibu yakamwonyesha kwamba matege yako mahali ambapo jua ni haba, hata kama watu wa hapo wana chakula, na hayapo mahali penye jua tele, hata kama watu ni maskini. Lakini maneno ya Śniadecki na Palm yalikaa vitabuni tu. Kusema kwamba mahali fulani pana jua na ugonjwa haupo si sawa na kumchukua mtoto mgonjwa, kumpa mwanga, na kuonyesha kwamba amepona kwa huo mwanga wala si kwa kitu kingine. Hilo lilimngoja Huldschinsky.

Sasa tufike majira ya baridi ya mwaka 1918 kuingia 1919. Vita Kuu ya Kwanza imekwisha mwezi wa Novemba. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, na ambao walikuwa wameondolewa Usumbura na Wabelgiji mwaka 1916, sasa wameshindwa kwao pia. Meli za Waingereza zilikuwa zimewazuilia vyakula kwa miaka, na kizuizi hicho hakikuondolewa chote mpaka katikati ya mwaka 1919. Berlin ilikuwa na njaa, na mafuta, maziwa na mayai yalikuwa vitu vya kuota tu. Husemwa kwamba karibu nusu ya watoto wa Kijerumani walikuwa na matege, wengine kidogo, wengine vibaya sana.

Huldschinsky alikuwa na umri wa miaka 35. Katika wagonjwa wake alikuwapo mtoto wa miaka mitatu, mgongo umepinda, tumbo limevimba. Kalsiamu walipewa watoto hao na mifupa haikuipokea, kama ukuta usioshika chokaa. Daktari akaona jambo moja ambalo wengine waliliona kila siku wasilitie maanani: watoto wote walikuwa weupe kupita weupe wa kawaida wa Wazungu. Walikuwa wamepauka kama mche uliomea chini ya ndoo. Akajiuliza kama ungonjwa wao si njaa ya tumbo tu, bali ni njaa ya mwanga.

Hapa nawaomba wanafunzi wa fizikia watoke nje pamoja nami. Kwetu Bujumbura tuko kama nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Jua huchomoza yapata saa kumi na mbili, na ikifika saa tatu asubuhi limepanda nusu ya mbingu. Ukisimama uwanjani, kivuli chako ni karibu sawa na urefu wako. Saa sita kivuli unakikanyaga. Sasa Berlin iko zaidi ya nyuzi 52 kaskazini. Mwezi wa Desemba, saa sita mchana, jua la huko hupanda nyuzi 14 tu juu ya upeo wa macho, na kivuli cha mtu huwa kirefu mara nne kuliko yeye mwenyewe. Fanyeni hesabu kwa tanjenti mtaona. Kivuli kirefu maana yake mwanga umepita kwa mshazari katika hewa nyingi, na hewa ile, pamoja na tabaka la ozoni lililo juu, huzuia mionzi ile ile inayotakiwa. Basi katika miji ya nyuzi 52, toka Oktoba mpaka Machi, mtu anaweza kukaa nje mchana kutwa, uso wazi, na ngozi yake isipate kitu.

Jua likiwa halipatikani, Huldschinsky akalitengeneza. Ilikuwako taa iliyokuwa ikiuzwa Ujerumani, ambayo jina lake kwa lugha yao maana yake ni jua la mlimani la kutengenezwa kwa mikono. Ndani yake mvuke wa zebaki hupitishiwa umeme ukatoa mwanga mkali, na pamoja na mwanga huo mionzi isiyoonekana kwa macho, ile iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua, nayo huitwa mionzi ya urujuanimno. Kioo cha kawaida huizuia ile inayofanya kazi ngozini. Ndiyo sababu taa ile haikufanywa kwa kioo cha dirisha bali kwa jiwe gumu liitwalo kwatzi, ambalo huiacha ipite. (Na ndiyo sababu mtoto akikaa nyuma ya dirisha la kioo ataota joto, lakini mifupa yake haitapata faida.)

Akawachukua watoto wanne wenye matege mabaya. Akawaweka uchi mbele ya taa, macho yao yamekingwa, maana mionzi hiyo huumiza macho. Kwanza dakika chache, kisha akaongeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Nadhani wako waliomwona kama mganga wa uongo. Kuwapa watoto dhaifu umeme na mwanga wakati mji mzima unalilia mkate si jambo la kujipatia heshima. Lakini yeye hakutegemea kuangalia kwa macho tu wala maneno ya wazazi wenye matumaini. Alikuwa na mashine ya eksirei. Alipiga picha za mifupa kabla ya kuanza, akapiga tena baadaye, akazilinganisha. Katika picha za mwanzo miisho ya mifupa ilikuwa imechakaa na kufifia, kama ukingo wa nguo uliochanika. Katika zile za baadaye mstari mweupe ulionekana penye ukungu, yaani kalsiamu imeanza kukaa. Mifupa ya watoto wale ilikuwa ikiwa migumu katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo matege ya watoto wengine Berlin yalikuwa yakizidi. Mwezi wa Mei 1919 jua la kweli lilipopata nguvu, akawatoa watoto wake barazani waliote.

Mwaka huo huo wa 1919 aliiandika habari hii katika gazeti la madaktari wa Kijerumani. Ikapokewa kwa furaha kubwa. Watoto wa miji mingi wakapelekwa mbele ya taa. Husimuliwa kwamba katika mji wa Dresden idara ya watoto iliamuru taa za barabarani ziteremshwe zitumiwe kuwatibia wagonjwa.

Lakini ajabu ya mwaka 1919 ni kwamba huko London, katika nchi iliyokuwa adui, mtu mwingine alitangaza jibu lake. Edward Mellanby alikuwa amewafungia mbwa wachanga ndani na kuwalisha uji wa shayiri mpaka wakapata matege, kisha akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki wa baharini. Basi madaktari wakagawanyika. Wa London walisema ugonjwa ni wa chakula, dawa hupita mdomoni. Wa Berlin walisema ugonjwa ni wa mwanga, dawa hupita katika ngozi. Ukisikia mabishano kama hayo utadhani lazima mmoja awe mwongo. Mwanamke wa Kiingereza, Harriette Chick, alikwenda na wenzake Vienna baada ya vita, akafanya kazi huko mpaka 1922, na katika hospitali ya watoto wakaona kwamba mafuta yanaponya na mwanga unaponya. Yaani mafuta na mwanga hufika mahali pamoja kwa njia mbili.

Ila ni Huldschinsky aliyeionyesha ile njia ya pili kwa jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote niliyosoma katika biolojia. Mwaka 1920 alimchukua mtoto mwenye matege, akamulika mkono mmoja tu. Mkono wa pili haukupata mwanga. Baada ya muda akaipiga picha mikono yote miwili. Mkono uliomulikwa ulikuwa umepona, kama alivyotazamia. Na ule usiomulikwa ulikuwa umepona vilevile.

Fikirini maana yake. Kama mionzi ingeiponya mifupa kwa kuipiga yenyewe, mkono wa gizani ungebaki mgonjwa. Kwa hiyo mionzi haikuishia kwenye mfupa, bali ilitengeneza kitu fulani katika ngozi, na kitu hicho kikachukuliwa na damu kikazunguka mwili mzima, kikafika hata mahali ambapo mwanga haukufika. Mpaka wakati ule watu waliifikiria ngozi kama gunia la kuufungia mwili, la kuzuia uchafu na kutoa jasho. Huldschinsky alionyesha kwamba ni kiwanda, tena ni mlango. Hakukijua kile kitu kwa jina, wala hakukishika mkononi.

Jina lilikuja upesi. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba kilichomo katika mafuta ya samaki na kuponya matege si vitamini A, akakiita vitamini D. Mwaka 1921 Alfred Hess na mwenzake katika New York walikuwa wamewaweka watoto saba wenye matege katika jua la kweli, wakawaona wanapata nafuu. Mjerumani Adolf Windaus alichunguza kemia yake akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1928. Leo twajua jinsi kiwanda kinavyofanya kazi: ndani ya ngozi iko aina ya mafuta, ndugu yake kolesteroli. Mionzi yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 290 na 315 hivi huivunja pete moja ya molekuli yake, kisha joto la mwili huigeuza kuwa vitamini D. Damu huipeleka katika ini, toka ini mpaka figo, na baada ya kubadilishwa mara mbili hizo huuwezesha utumbo kuipokea kalsiamu ya chakula. Tena ngozi ina busara. Mtu akikaa sana juani, ile ya ziada huvunjwa pale pale ikawa kitu kisichodhuru. Ndiyo sababu hakuna anayepata sumu ya vitamini D kwa jua, ijapokuwa anayekunywa dawa zake bila kipimo anaweza kuipata.

Tuzo ya Nobel haikumfikia Huldschinsky. Kilichomfikia ni kingine. Mwezi wa Januari 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo madaktari Wayahudi wakaanza kuondolewa katika kazi zilizolipwa na bima ya wagonjwa. Huldschinsky alikuwa na umri wa miaka 50 hivi. Katika Ujerumani walikuwako vijana wengi wa miaka kumi na tano, kumi na sita, waliosimama sawasawa kwa sababu utotoni waliwekwa mbele ya taa kwa ugunduzi wake, na sina shaka wengine wao waliandamana barabarani kwa miguu hiyo hiyo iliyonyoka wakimshangilia aliyemfukuza. Jambo hili silipati kulitafakari bila uchungu, na sisi wa Burundi tuna sababu zetu za kujua maana ya mtu kukataliwa na nchi yake kwa ajili ya kabila alilozaliwa nalo.

Aliiacha Ujerumani akahamia Misri, katika bara letu. Tarehe 31 Agosti 1939 Wajerumani wa Hitler walifanya shambulio la uongo kwenye kituo cha redio cha Gleiwitz, mji aliozaliwa yeye, wapate kisingizio cha kuivamia Poland, na asubuhi yake vita vikaanza. Mwaka 1940 ndege za Waitaliani zikaanza kuupiga mji wa Alexandria kwa mabomu. Mwaka huo huo, katika mji huo, Kurt Huldschinsky akafariki, akiwa na umri wa miaka 57 hivi, katika nchi isiyohitaji taa yake.

Taa zenyewe zimekwisha acha kutumiwa kwa matege. Ilijulikana kwamba mionzi hiyo ikizidi huunguza ngozi na yaweza kuleta saratani, na matone ya vitamini D kwa mdomo ni rahisi zaidi. Lakini yale aliyoyaona kwenye ngozi hayajabadilika, na yanatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Weusi wa ngozi yetu ni mwavuli. Huizuia sehemu ya mionzi isiingie, na kwa jua la ikweta mwavuli huo ni rehema. Mwaka 2012 watafiti kutoka Uholanzi waliandika kwamba waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi nje mchana kutwa, wakaona wastani wa vitamini D katika damu yao ni 115 kwa kipimo cha nanomoli kwa lita, na wako Wazungu wengi ambao wakati wa baridi hawafiki 50. Lakini mwavuli huo huo ukiuchukua kaskazini huwa taabu. Alfred Hess, kabla ya jaribio lake la jua, alikuta matege yamewajaa watoto weusi wa New York. Kwa hiyo wanafunzi wetu wa zamani mlioko Ubelgiji na Kanada, wenye watoto wachanga katika nyumba za ghorofa, msipuuze daktari akiwapa matone kwa ajili ya mtoto.

Na kwetu je? Jua tunalo, lakini mtoto aliyefungiwa chumbani Buterere hana jua zaidi ya mtoto wa Berlin. Tena jua peke yake halitoshi. Huko Nigeria, nchi ya jua kali, madaktari walikuta watoto wenye matege ambao upungufu wao haukuwa wa vitamini bali wa kalsiamu, kwa kuwa chakula chao kilikuwa nafaka karibu tupu; habari hiyo ilitangazwa mwaka 1999. Ngozi hufungua mlango, lakini lazima awepo wa kuingia. Hapo nawakumbuka ndagala wa ziwa letu Tanganyika, wale wanaoanikwa mchangani na kuliwa wazimawazima, kichwa na mifupa. Ile mifupa midogo ni kalsiamu. Mwaka ambao ndagala ni ghali sokoni, na nyumba nyingi zinakula ugali wa muhogo na majani tu, si uchumi peke yake unaoharibika.

Katika mtaa wetu yuko mtoto mmoja wa kike mwenye miguu iliyopinda. Watu walikuwa wakisema ni mambo ya ukoo wa mama yake. Nilipomaliza kusoma habari hizi nilikwenda na bibi yangu mpaka kwa mama yule, kwa kuwa mimi kijana sikuweza kwenda peke yangu kumweleza mtu mzima habari za mtoto wake. Bibi ndiye aliyesema, mimi nikakaa karibu na mlango. Mtoto amekwisha pelekwa hospitali akapigwa picha, na sasa anapewa dawa. Ana miaka miwili na nusu. Wameambiwa kwamba katika umri huo mifupa bado inaweza kunyoka.

Njiani tukirudi nilimweleza bibi habari za Huldschinsky na ule mkono mmoja. Nikamwambia kwamba, kwa kadiri ya jaribio lile, haina haja kumgeuzageuza mjukuu wake juani, maana ngozi ya upande mmoja huusaidia mwili wote. Kesho yake saa tatu alimtoa nje kama kawaida. Akamlaza kifudifudi, akangoja kidogo, akanitazama, kisha akamgeuza chali.